MGR na Jayalalithaa: katika picha zile 28, nani alimbeba nani?

#1 Mpenda Mikanda

Wakuu, salaam.

Hii ni wiki ya pili nakesha na picha za kale za Kitamil, zile MGR (M.G. Ramachandran) alizocheza na Jayalalithaa. Wote wawili baadaye walikuja kuwa mawaziri wakuu wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Wamecheza pamoja picha 28, ya kwanza 1965, ya mwisho 1973. Kila ninaposoma habari zao nakuta wimbo ule ule: MGR alimwokota binti, akamfundisha, akampa jina, mwisho akamwachia na chama. Yaani yeye mfinyanzi, binti udongo.

Mimi nimezitazama picha zenyewe na sikubali. Nasema kuanzia 1967 binti ndiye aliyembeba mzee.

Pigeni hesabu. MGR ni wa Januari 1917, Jayalalithaa ni wa Februari 1948. Walipoanza, staringi alikuwa na miaka 48 na binti 17. Januari 1967 MGR akapigwa risasi shingoni, sauti ikaharibika. Mtu wa miaka 50, sauti imekwaruzika, kazi yake ni kucheza kijana wa mapenzi na mapanga. Huyo angekuwa mwingine tungesema basi, akapumzike. Lakini mwaka 1968 peke yake zikatoka picha nane, na zote nane binti yumo.

Tazameni pia Adimai Penn ya 1969. MGR anacheza kijana aliyefungiwa tangu utotoni kwenye chumba kifupi cha gereza, hajapata kusimama maisha yake yote. Anatoka amekunjika, mikono inaning'inia karibu iguse chini, kusema hajui, chakula anakivamia. Anayemnyoosha ni Jayalalithaa. Anamfundisha kusimama, anamfundisha maneno, anamfundisha kupigana. Nilisimamisha picha nikajiuliza: hawa wanaosema mzee ndiye aliyemfundisha binti, hii hawajaiona?

Mnaozijua karibuni.

#2 Chuma cha Reli

Nimeshakaa mbele.

#3 Bint Saidi

Ahsante kwa uzi. Mimi nilijua hawa ni wanasiasa tu. Yule mama nilimwona kwenye taarifa ya habari Desemba 2016 alipofariki, watu wanalia barabarani mpaka wanaanguka. Kumbe alikuwa mcheza picha! Sasa MGR alipigwa risasi na nani? Ni ndani ya picha au kweli?

#4 Msoma Magazeti

Bint Saidi, ni kweli kabisa. Aliyempiga ni M.R. Radha, mwigizaji mwenzake, mtu wa jukwaani wa miaka mingi, na kwenye sinema mara nyingi alikuwa adui. Tarehe 12 Januari 1967 alikwenda nyumbani kwa MGR akiwa na mtayarishaji mmoja wa filamu. Wakazungumza, bastola ikalia. Risasi ilimwingia MGR karibu na sikio la kushoto ikakaa shingoni. Radha akajipiga na yeye. Wote wawili wakapona, Radha akaenda jela.

Mwezi uliofuata ulikuwa wa uchaguzi. Picha ya MGR kitandani, shingo imefungwa bendeji, ikabandikwa kila ukuta. Akashinda kiti chake yuko hospitali, na chama chake cha wakati huo, DMK, kikakiondoa chama cha Congress madarakani Madras, jimbo linaloitwa sasa Tamil Nadu.

#5 Kitukuu wa Ujiji

Mpenda Mikanda, umechemka mapema mkuu. Adimai Penn imetengenezwa na Emgeeyar Pictures. Hiyo ni kampuni ya MGR mwenyewe. Aliyeamua akunjike mgongo ni yeye, aliyeamua binti amnyooshe ni yeye. Mtu akijenga nyumba akakuweka mlangoni upokee wageni, nyumba haijawa yako.

Na hilo la sauti unalikuza. MGR hakuwa akiimba mwenyewe. Ukisikia anaimba, mara nyingi anayeimba ni T.M. Soundararajan, na huyo shingo yake ilikuwa nzima. Picha zile zilikuwa zinauzwa kwa nyimbo. Maneno yanatoka kwa Kannadasan na Vaali, sauti inatoka kwa Soundararajan, MGR anaonyesha uso. Risasi haikugusa kitu kilichokuwa kinaleta watu.

#6 Mpenda Mikanda

Kitukuu, hoja ya sauti ya nyimbo nakupa, sikuifikiria. Lakini mtu haimbi saa tatu mfululizo. Chukua Kavalkaran, ya 1967, usikilize mazungumzo tu, uone kama hutasikia maneno mengine yanatoka kama mtu mwenye mfupa wa samaki kooni. Na watazamaji walikubali. Walikubali kwa sababu gani?

#7 Kitukuu wa Ujiji

Kwa sababu walimpenda. Kile kidonda walikihesabu ni chao.

#8 Mwalimu wa Ngoma

Naingia kwa upande wangu, mimi nafundisha ngoma na nimeanza kuziangalia hizi picha kwa sababu ya uchezaji.

Acheni nyuso, angalieni miguu. MGR alilelewa kwenye kampuni ya maigizo tangu mtoto. Mwili wake ni wa mapanga na fimbo: mabega, kiuno, mkono unakata hewa. Jayalalithaa kasomea Bharatanatyam, ngoma ya kikwao ya kukanyaga chini kwa hesabu, goti limekunjwa, macho yanakwenda kila mkono unapokwenda. Wakiwa pamoja kwenye wimbo, mara nyingi yeye anasimama imara na kutembea hatua chache, binti ndiye anayemzunguka, anakwenda anarudi, anainama anainuka. Jicho lako linaona wawili wanacheza, kumbe mmoja ndiye anayefanya kazi ya miguu.

Lakini msimdharau mzee. Katika Kudiyirundha Koyil kuna wimbo anacheza bhangra, ngoma ya Wapunjabi, na L. Vijayalakshmi, mchezaji mkali, na hakubaki nyuma. Mtu wa miaka 51. Kwa hiyo alikuwa anaweza. Ninavyoona mimi, kwa Jayalalithaa alichagua kusimama, kwa sababu akisimama anaonekana mkubwa. Hiyo inaitwa kugawana jukwaa. Suala la kubebana silioni.

#9 Dogo wa Ilala

Mnazunguka tu wakuu. Bila MGR huyo dada asingejulikana. Picha yake ya kwanza kabisa ni ya MGR.

#10 Msoma Magazeti

Dogo, hapana. Mama yake, Sandhya, alikuwa mwigizaji, kwa hiyo binti alikulia studio. Mwaka 1964 alicheza picha ya Kikannada iliyoongozwa na B.R. Panthulu. Mwaka 1965 akatoka kwenye picha ya Kitamil ya C.V. Sridhar, Vennira Aadai, iliyopewa cheti cha watu wazima. Yeye mwenyewe alikuwa hajafika miaka 18! Ndipo Panthulu yule yule alipotaka binti wa mfalme wa kumweka na MGR katika Aayirathil Oruvan, akamchukua aliyekwisha kufanya naye kazi. Ilitoka Julai 1965.

Kwa hiyo kama kuna mfinyanzi wa mwanzo, ni Panthulu. Au ni Sandhya, maana binti mwenyewe alikuwa anapenda shule na alikuwa anafaulu sana. Aliyemsukuma kwenye sinema ni mama.

#11 Dogo wa Ilala

Sawa mkuu, nimeelewa. Nilisoma mahali.

#12 Mtoto wa Mvita

Jamani hamjambo. Mnasema jozi, jozi. Jozi ya MGR ni Saroja Devi. Picha 26, na zile ndizo zilizomfanya MGR awe MGR. Kuna Nadodi Mannan ya 1958, kuna Enga Veettu Pillai ya 1965, kuna Anbe Vaa ya 1966. Saroja Devi akicheka hapo unaona mzee mwenyewe anasahau kamera. Huyo wenu alipokea kiti kilichokwisha pashwa moto.

Na kama ni idadi, basi jozi nyingine ya Kitamil, Sivaji Ganesan na Padmini, inawapita wote mbali. 28 si kitu kwa Watamil wa zama zile.

#13 Mpenda Mikanda

Mvita, Saroja Devi simgusi, naye ni mkubwa. Lakini tazama ilivyokuwa. Kuna picha moja ya 1967, Arasa Kattalai, wote wawili wamo, Saroja Devi na Jayalalithaa. Saroja Devi akaolewa mwaka huo, na hiyo ndiyo ikawa ya mwisho kwake na MGR. Sasa weka pamoja: mwaka mmoja anapigwa risasi, mwaka huo huo mwenzake wa picha 26 anaondoka. Aliyebaki kushika kamba ni binti wa miaka 19.

#14 Baba Zuhura

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, nafanya kazi ghalani na Watamil watatu, tunakula sahani moja mwaka wa sita sasa. Nimewasomea uzi huu kwa Kiarabu cha kuchanganya na Kihindi, wakagombana wao kwa wao kazi ikasimama.

Mkubwa wao hamwiti MGR kwa jina. Anamwita Vaathiyar. Maana yake mwalimu. Anasema kijijini kwao wazee wote walimwita hivyo, kwa sababu kwenye picha alikuwa hawafundishi watu upuuzi: havuti, halewi, anamheshimu mama yake, anamsaidia maskini. Kwa hiyo yeye anashangaa swali lenyewe. Anasema, «Mwalimu habebwi na mwanafunzi.»

Wa pili, huyu ni kijana zaidi, akamjibu: mwalimu alipokufa nani alikuja kutulisha? Alimaanisha kantini za Amma, za chakula cha bei ndogo alizofungua Jayalalithaa 2013. Yeye anasema amekula pale akitafuta kazi Chennai, idli moja, kikate cha mchele cha mvuke, kwa rupia moja. Basi hapo pakawaka.

#15 Chuma cha Reli

Na wao wana Mwalimu wao! Hili limenigusa.

#16 Mzee wa Kariakoo

Vijana, mimi nimekulia kwenye majumba ya sinema ya Dar: Avalon, Empire, Empress. Picha la Kihindi tulikuwa tunaliona Jumapili, foleni inazunguka kona. Raj Kapoor, Dilip Kumar, baadaye Amitabh. Lakini hizo zote zilikuwa za Bombay. Hawa wa Madras hatukuwaona. Wahindi wetu wa hapa wengi ni Wagujarati, Wakutchi, Waismailia, na Kitamil hawakijui hata wao. Kwa hiyo sikuwahi kusikia jina la MGR mpaka vijana walipoanza kuleta picha za Kusini kwenye vibanda, na zenyewe ni za siku hizi, zimetafsiriwa kwa fujo.

Mpenda Mikanda, wewe Kitamil umekipata wapi?

#17 Mpenda Mikanda

Shikamoo mzee wangu. Sikijui. Natazama na maandishi ya Kiingereza chini, nyimbo naziachia masikio. Nimeshajua maneno mawili matatu: amma ni mama, anbu ni upendo. Hayo nimeyapata kwenye wimbo wa Adimai Penn ambao Jayalalithaa ameuimba kwa sauti yake mwenyewe, maana kwa kawaida alikuwa anaimbiwa na P. Susheela. Ni wimbo wa kumsifu mama. Miaka ishirini baadaye jimbo zima likawa linamwita Amma. Nilipouelewa nilikaa kimya kidogo.

#18 Mzee wa Kariakoo

Marahaba. Endelea, nasoma.

#19 Msoma Magazeti

Baba Zuhura, mwambie Vaathiyar wake aliwahi kulewa. Oli Vilakku, 1968, picha ya 100 ya MGR. Anacheza mwizi, anakunywa, halafu vivuli vyake mwenyewe vinamtokea vinaimba kumkemea: wewe ni mtu kweli? Jayalalithaa yumo pia.

Ila kinachokumbukwa zaidi kutoka picha hiyo ni wimbo mwingine, wa dua, anaouimba mhusika wa Sowcar Janaki akimwombea mgonjwa. MGR alipougua sana 1984 akapelekwa Brooklyn, Marekani, majumba ya sinema Tamil Nadu yalikuwa yanaupiga wimbo huo na watu wanaomba. Akashinda uchaguzi tena yuko kitandani, safari hii bara jingine.

#20 Baba Zuhura

Nimemwambia. Anasema ile ni kuonyesha ubaya wa pombe, haihesabiki. Kisha akaniimbia ule wa dua wote, mlangoni mwa ghala, macho kayafumba.

#21 Mama Jukwaa

Nasoma tangu jana, nimeona niseme langu.

Mimi nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo Tanga miaka ya tisini. Kikundi sikitaji. Staringi wetu alinizidi miaka ishirini na miwili, na alikuwa ndiye mwenye kikundi. Tumecheza mume na mke, kaka na dada, mchumba na mchumba, miaka saba. Kila mtu alikuwa akiniambia, «Bila yule wewe si kitu.» Na mimi niliamini.

Mwaka wa tano akaanza kusahau maneno. Anasimama katikati ya jukwaa, namwona jicho limekwenda mbali. Nikajifunza kumpa neno ndani ya jibu langu. Yeye anatakiwa aseme, «Sitaki mahari ya ng'ombe,» kasahau, basi mimi nasema, «Najua baba hutaki mahari ya ng'ombe, sasa unataka nini?» Anaokota hapo anaendelea. Watazamaji wanapiga makofi, wanampigia yeye. Siku moja alinishika mkono nyuma ya pazia akauminya, hakusema kitu, akaenda kubadilisha nguo.

Kwa hiyo mkiniuliza nani alimbeba nani, nitawaambia kwanza: mlio huko kwenye viti hamuwezi kuona. Lakini Mpenda Mikanda nakuunga mkono. Ukitazama jozi ambayo mmoja kazeeka, tazama nani anamaliza sentensi.

#22 Bint Saidi

Mama Jukwaa, shikamoo. Hili la mahari ya ng'ombe nitakaa nalo.

#23 Kitukuu wa Ujiji

Mama, heshima yako. Nakubali kwa jukwaa. Kwenye filamu mtu akisahau wanarudia, kwa hiyo kubebana ni kwa namna nyingine. Lakini nimekusikia.

#24 Mtoto wa Mvita

Swali langu: kama walikuwa wanahitajiana hivyo, mbona waliachana? 1973 picha ya mwisho, Pattikaattu Ponnaiya, halafu basi. Mzee aliendelea na picha mpaka 1978, binti mpaka 1980. Miaka yote hiyo hata moja pamoja hakuna.

#25 Chuma cha Reli

Umri. Binti alishafika 25, watazamaji wanataka sura mpya.

#26 Mtoto wa Mvita

Sura mpya upande mmoja tu? Mzee alikuwa na 56!

#27 Msoma Magazeti

Hili watu wanabishana mpaka leo, na kuna maelezo zaidi ya moja.

Wengi wanamtaja R.M. Veerappan, msimamizi wa mambo ya MGR wa siku nyingi. Inasemwa hakupenda binti awe karibu mno na mkubwa wake. Ushahidi wao ni Rickshawkaran ya 1971, picha iliyompa MGR tuzo ya taifa ya mwigizaji bora. Ilitengenezwa na Sathya Movies, kampuni ya Veerappan, na aliyepewa nafasi ni Manjula, msichana mgeni.

Wengine wanasema ni siasa. Oktoba 1972 DMK ilimfukuza MGR, akaanzisha chama chake mwezi huo huo. Mtu anayejenga chama hana muda wa picha nne kwa mwaka.

#28 Kitukuu wa Ujiji

Ya Veerappan haisimami. Ulagam Sutrum Valiban, 1973, ile waliyokwenda kupiga Japan kwenye maonyesho ya Expo 70, na Singapore, Hong Kong na Thailand. Hiyo ni ya Emgeeyar, MGR mwenyewe ndiye mwongozaji. Wamo Manjula, Latha na Chandrakala. Jayalalithaa hayumo. Hapo Veerappan ndiye aliyemzuia mwenye mali kumchukua anayemtaka? Mzee aliamua mwenyewe.

#29 Mpenda Mikanda

Au binti aliamua mwenyewe. Mbona hilo hakuna anayeliwaza? 1972 alicheza na Sivaji Ganesan katika Pattikada Pattanama, mke wa mjini aliyesoma na mume wa kijijini, wanagombana kama paka na mbwa. Nimeiangalia. Pale anamjibu mwanamume neno kwa neno, anapandisha nyusi, anageuka anaondoka na kamera inamfuata yeye. Kwa MGR hakuwahi kupewa mdomo namna ile. Mtu akishaonja hivyo atarudi kuzunguka mtu aliyesimama?

Na mama yake, Sandhya, alifariki 1971. Aliyekuwa anapanga mambo yake tangu utoto hayupo. Binti wa miaka 23 anabaki anajipangia. Mimi naona hapo ndipo pa kutazama.

#30 Mwalimu wa Ngoma

Kuzunguka mtu aliyesimama, umechukua maneno yangu ukayageuza! Nilisema kugawana jukwaa. Lakini endelea, nimeona unakoelekea.

#31 Mtoto wa Mvita

Mkisema binti aliondoka mwenyewe, basi elezeni 1982. Aliingia chama cha MGR kwa miguu yake mwenyewe, 1984 akapelekwa bungeni Delhi na MGR huyo huyo. Mtu aliyekimbia harudi hivyo.

#32 Mpenda Mikanda

Sijasema alikimbia. Nimesema alikwenda kucheza pengine.

#33 Dogo wa Ilala

Ila chama alirithishwa, hilo hamwezi kupinga.

#34 Msoma Magazeti

Dogo, leo huna bahati. MGR alifariki 24 Desemba 1987 bila kutaja mrithi. Jayalalithaa alisimama kichwani mwa maiti pale Rajaji Hall kwa saa nyingi, siku mbili, hakai. Siku ya mazishi akataka kupanda gari la mzinga lililobeba mwili, akasukumwa akashushwa mbele ya watu.

Aliyechukua uwaziri mkuu ni mjane, V.N. Janaki, naye aliwahi kuwa mwigizaji na alicheza na MGR miaka ya arobaini. Alikaa madarakani siku zisizofika mwezi, Januari 1988. Chama kikapasuka vipande viwili, nembo yake ya majani mawili ikazuiwa. Uchaguzi wa 1989 Janaki akapewa nembo ya njiwa wawili, Jayalalithaa akapewa jogoo. Jogoo akapata viti 27, njiwa viwili. Ndipo kipande cha Janaki kikarudi kwake, majani mawili yakarudi, na 1991 akawa waziri mkuu wa jimbo.

Huo urithi aliupigania. Hakuna aliyemwekea mezani.

#35 Mtoto wa Mvita

Jogoo! Kama KANU! Sasa nampenda huyu mama, babangu alikuwa mtu wa jogoo mpaka kufa.

#36 Chuma cha Reli

Kenya mmeanza. Rudini kwenye picha.

#37 Bint Saidi

Samahani, nauliza kama mwanamke. Walipendana? Nje ya picha nasema.

#38 Msoma Magazeti

Bint Saidi, aliulizwa mwenyewe kwenye mahojiano ya televisheni na Simi Garewal, 1999. Akajibu kwamba anadhani kila aliyekutana na MGR alimpenda, kwa mvuto aliokuwa nao. Kwenye mahojiano hayo hayo akasema maisha yake yalitawaliwa na watu wawili, mama yake na MGR. Zaidi ya hapo mimi siongezi, maana yaliyobaki ni ya wapiga soga.

#39 Kitukuu wa Ujiji

«Yalitawaliwa.» Neno lake mwenyewe hilo, Mpenda Mikanda. Anayetawala na anayetawaliwa, nani anambeba mwenzake?

#40 Mama Jukwaa

Anayetawaliwa ndiye anayebeba, mwanangu. Siku zote.

#41 Mpenda Mikanda

Mama Jukwaa umenisemea.

#42 Kitukuu wa Ujiji

Bado sijakubali. Ila nimeitafuta Aayirathil Oruvan, ile iliyosafishwa upya ikarudishwa kwenye kumbi 2014, ikapigwa Chennai zaidi ya miezi mitano. Nimefika pale MGR ameuzwa utumwani, daktari wa watu kafungwa minyororo, na binti wa mfalme anamtazama kutoka juu. Nataka niseme kweli yangu: kwa dakika nzima sikumwangalia MGR. Nitamaliza nirudi.

#43 Abiria wa Mwisho

Sina hoja, nina nilichokiona.

Mwaka 2019 nilimpeleka mama Chennai kwa matibabu ya moyo. Siku madaktari waliponiambia nipumzike, nikachukua bajaji mpaka ufukwe wa Marina. Makaburi ya wakubwa wao yako pale pale mchangani, bahari unaisikia. La MGR ni jiwe jeusi, lina maua mabichi. Nikaona watu wanapanga mstari, wakifika wanapiga magoti na kulaza sikio juu ya jiwe. Mzee mmoja kajifunga saruni, mwanamke na watoto wawili, vijana wa shule. Nikamuuliza dereva wangu wanasikiliza nini. Akasema MGR alizikwa na saa yake ya mkononi, na wanaamini bado inapiga.

Nikapiga magoti na mimi. Jiwe lilikuwa la moto. Nilisikia mawimbi na damu yangu mwenyewe sikioni. Yule mwanamke akaniuliza kwa ishara, umesikia? Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, nilishindwa kumwambia hapana.

Mama alipona, yupo, anawasalimu.

#44 Bint Saidi

Alhamdulillahi kwa mama. Na kaburi la Jayalalithaa ulilifikia? Nimesoma liko hapo hapo.

#45 Abiria wa Mwisho

Liko nyuma ya la MGR, uwanja ule ule. Lakini jengo la kumbukumbu walikuwa bado wanalijenga, wamelizungushia mabati. Yule mwanamke alipotoka kwenye jiwe alikwenda moja kwa moja pale, akaweka ua moja chini ya bati, akaweka kiganja juu yake akasimama, watoto wakimsubiri.